Binti Aliyesilimu na Mama Yake

Katika masuala yanayoletwa mbele ya darsa zetu, liko moja lenye sura nyingi na asili moja, nalo ni hili: mwanamke aliyesilimu, naye yuko na mama asiyekuwa Mwislamu, aishi naye vipi? Amzuru? Ale kwake? Amkaribishe alale nyumbani mwake? Ampende? Neno hili la mwisho ndilo lililo zito. Watu wengi hukubali kwamba mzazi hupewa msaada hata akiwa si wa dini yetu, lakini likitajwa neno la mapenzi hunyamaza, kana kwamba mtu ameuliza jambo la aibu. Tumeona ni wajibu wetu kulieleza kwa kadiri ya uwezo wetu, kwani wanaoumia kwa jambo hili si wachache, na wanaowaumiza hudhani kuwa wanailinda dini.

Suala hili hutoka khasa upande wa Voi na milima ya Taita, nalo lina sababu yake. Mji wa Voi umesimama njia panda. Hapo hupita reli na barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, na hapo huanza njia ielekeayo Mwatate, Bura na Taveta mpaka mpakani mwa Tanzania. Reli ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 na kupita hapo, Waislamu wa pwani na wa Bara Hindi walifuatana nayo, wakafanya biashara, wakajenga misikiti, wakaoa. Huko milimani wamisionari walikuwa wamekwisha kutangulia, Sagala na Bura, tangu miaka ya 1880 na 1890. Kwa hivyo haikuwa ajabu, wala si ajabu leo, nyumba moja kuwa na watu wa msikitini na watu wa kanisani, na binti wa Kitaita akaolewa Voi au Mombasa, akasilimu, akabaki na mama yake kule juu Wundanyi akifuata dini aliyokulia.

Sasa tumtazame mama huyu tunayemsema, maana mtu huhukumiwa vibaya asipojulikana. Aghlabu yeye si mwanamke mnyonge. Huamka kabla ya jua, huteremka shambani kwenye matuta yaliyokatwa ubavuni mwa mlima, hupalilia, huvuna, hufunga mizigo na kujadiliana bei na wachuuzi bila ya kupepesa macho. Mboga nyingi tunazozila Mombasa hutoka katika mashamba hayo ya Wundanyi. Amesomesha watoto kwa jembe lake. Ana sauti, ana maneno, na akiona jambo haliweki moyoni. Binti yake akifika amejifunika buibui, huenda akamwambia mbele ya majirani: "Mwanangu, nguo nyeusi toka utosini mpaka kisiginoni! Jua la Voi halikuchomi?" Naye binti hucheka, akamjibu: "Mama, jua la Voi humchoma hata asiyevaa buibui." Kisha huingia jikoni wakaponda kimanga pamoja, mama akitoa makosa: maharage hayakuiva, muhogo umezidi, na siku hizi mkono wake umelegea kwa kuishi mjini. Wakati wa kuondoka humjazia kikapu viazi, miwa na kabichi, na kumwagiza salamu kwa mkwewe, pamoja na shutuma moja au mbili.

Hivi ndivyo mapenzi yalivyo katika nyumba nyingi. Hayasemwi kwa jina lake. Hupita ndani ya utani, ndani ya kutoa makosa na ndani ya kikapu. Binti ajua hivyo, na ndiyo maana humpenda mama yake pamoja na ulimi wake, wala si licha ya ulimi huo.

Huku kwetu, akisharudi, husikia maneno mengine. Mume, au mavyaa, au jirani aliyehudhuria waadhi wa nusu saa, humwambia: Wewe sasa ni Mwislamu, na yule ni kafiri. Mpelekee kitu kidogo kwa simu, inatosha. Usiende, atakurudisha ulikotoka. Usile kwake. Watoto wasilale huko. Na akilia kwa kumkumbuka mama yake, huambiwa kuwa kilio hicho ni upungufu wa imani.

Sisi twauliza: maneno haya yametoka wapi? Kama yametoka katika dini, na tuonyeshwe. Tulionalo katika dini ni kinyume chake.

Asmaa binti wa Abubakar, radhi za Mungu ziwe juu yake, alifikwa na suala hili hili. Mama yake, ambaye wanahistoria wamemtaja kwa jina la Qutaila, alikuwa ameachwa na Abubakar tangu zama za ujahili, akabaki Makka katika ushirikina. Ulipofungwa mkataba wa amani wa Hudaibiya mwaka wa 6 Hijria, yaani 628, njia zikafunguka, na mama huyo akafunga safari mpaka Madina kumtazama binti yake. Imepokewa kwamba alichukua na zawadi, na samli ilikuwamo. Tazameni hali hiyo! Mwanamke ametoka katika mji wa maadui, akavuka jangwa, akaja katika mji wa watu aliokhitilafiana nao katika jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu mwanawe yuko huko. Huyo si mama mnyonge. Asmaa akaingiwa na shaka, asijue ampokee au asimpokee. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge mama yake, naye akamjibu kwamba ndiyo, amuunge. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, wala hapana mwanachuoni aliyeitilia shaka. Na miongoni mwa wapokezi wako waliosema kwamba kwa kisa hiki iliteremka aya ya nane ya Suratul Mumtahina, ambayo maana yake ni kuwa Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu.

Hapa wako watakaosema: Mama wa Asmaa alikuja kwa upole na zawadi, lakini huyu wetu ni mwenye maneno, huisema dini yetu. Nasi twawajibu kwa kisa cha Saad bin Abi Waqqas. Mama yake alipopata khabari kuwa amesilimu, aliapa hatakula wala hatanywa wala hatasema naye mpaka aiache dini hiyo. Tena alimkabili kwa hoja ya dini yake mwenyewe, akamwambia kwamba wewe wadai Mola wako amekuamrisha kuwatii wazazi, basi mimi ndiye mama yako nami nakuamrisha hili. Alikaa hivyo siku tatu mpaka akazimia. Je, yuko mama wa Taita aliyemfanyia binti yake zaidi ya hayo? Na hukumu iliyoteremka haikuwa ya kumtupa. Suratul Luqman, aya ya 15, imekata jambo katika sehemu mbili: katika kumshirikisha Mungu asitiiwe mzazi, na katika mambo ya dunia asuhubiwe kwa wema.

Tunawaomba wasomaji wetu walizingatie neno hili la kusuhubiana, kwani ndani yake ndimo limo jibu la suala letu. Halikutajwa neno la kutoa posho. Mtu humpa posho hata asiyemjua. Suhuba ni kukaa pamoja, kula pamoja, kusikilizana, kuchekeshana, kuvumiliana, kujua kwamba goti lake la kushoto humuuma wakati wa baridi na kwamba hapendi chai isiyokolea. Fedha zipelekwazo kwa simu ni jambo jema, wala hatuzidharau. Lakini haziwezi kumwuliza mama amelalaje. Mwenye kumpelekea mama yake fedha kila mwezi na asimwone mwaka mzima, ametimiza haki ya tumbo lake na ameacha haki ya moyo wake, na aya imetaja suhuba. Wala mtu asitoe udhuru wa umbali. Tangu mwaka 2017 garimoshi la reli mpya humfikisha mtu Voi kutoka Mombasa asubuhi moja haijaisha, na kutoka Voi kwenda Wundanyi magari hayakosekani.

Imebaki hoja ya mapenzi. Husemwa kwamba Mwislamu ameamrishwa asiwapende wanaompinga Mwenyezi Mungu. Neno hilo ni kweli mahali pake. Lakini kuna kupenda dini ya mtu, na kuna kumpenda mtu kwa kuwa amekuzaa. La kwanza ni jambo la itikadi, na binti yetu amekwisha kulikata siku aliyotamka shahada. La pili ni maumbile aliyoyatia Mungu mwenyewe, na Mungu hamtaki mja ang'oe alichokipanda Yeye. Mtume wetu (s.a.w.) alimpenda ami yake Abu Talib, naye hakusilimu kwa kauli ya wanavyuoni wetu wa Kisunni, na alihuzunika alipokufa. Basi nani atakayedai kuwa imani yake ni kali kuliko ya Mtume?

Ama mume ambaye humzuia mkewe, twataka kusema naye kwa insafu. Hatukatai kwamba katika madhhabi yetu ya Imam Shafi mume amepewa haki ya kumruhusu mkewe kutoka au kutomruhusu. Lakini si kila haki hutumiwa, na mwenye kuitumia kila haki yake mpaka mwisho huishi bila ya rafiki. Vitabu hivyo hivyo vya madhhabi vimechukia mume kumzuia mkewe asimzuru mzazi aliyezidiwa na maradhi, na sababu waliyoitaja ni kwamba kuzuia huko huleta chuki na humsukuma mke katika uasi. Wazee wetu walizijua nyoyo za watu. Mke aliyekatazwa kumwona mama yake huenda akatii kwa miguu yake, lakini moyo wake utakwenda Wundanyi kila siku, na kila siku utarudi na donge. Na hao watoto wanaokulia ndani ya nyumba hiyo hujifunza nini? Hujifunza kuwa mama hukatwa mtu akipata hoja. Nao siku moja watapata hoja zao.

Tena, ewe ndugu, mama huyu na majirani zake hawakusoma vitabu vyetu. Kitabu wanachokisoma ni binti yao. Wakimwona tangu asilimu amezidi upole, amezidi kuja, amezidi kumwinamia mama yake, watasema dini hii imemtengeneza mtoto wetu. Na wakimwona hafiki hata msibani, watasema dini hii imetuibia mtoto. Basi ni nani hapo aliyeilinda dini, na ni nani aliyeivunjia heshima?

Yako mambo madogo ambayo watu huyafanya makubwa. Chakula: kimanga ni muhogo au viazi na maharage, hapana ndani yake cha kuchinjwa. Na ikiwa mama ataka kumfurahisha mgeni wake kwa kuku, basi na achinje mjukuu au mkwe, na desturi ya kumwita Mwislamu achinje inajulikana sana katika nchi yetu, wala wenyeji hawaioni kuwa ni tusi wakielezwa kwa adabu. Sala: binti na amwombe mama yake pembe safi ya nyumba, na mama huyo huyo mwenye maneno mara nyingi ndiye atakayewanyamazisha wengine mwanawe akisali. Ibada: binti hatashiriki katika ibada isiyokuwa yake, na hilo atalisema kwa ulaini na mara moja, bila ya kulirudia kila ziara. Maradhi na mazishi: ahudhurie, auguze, afariji, asaidie kwa mkono na kwa mali.

Na wewe binti, nawe una la kuambiwa. Usiifanye dini kuwa fimbo ya kulipizia kisasi cha utotoni. Wako wanaorudi nyumbani kwa mama zao wakiwa na hukumu kuliko zawadi, wakatoa makosa sufuria, picha za ukutani na nyimbo za redio, kisha wakashangaa mama amekasirika. Mama yako alikufundisha kutembea kabla hujajua mwelekeo wa kibla. Akikutania, mtanie kwa adabu. Akikushutumu, nyamaza au cheka. Ukitaka kumwombea uongofu, mwombee katika sijida, naye akuone ukimfulia nguo.

Asmaa aliishi mpaka naye akawa mama mwenye moyo mkubwa. Mwaka wa 73 Hijria, yaani 692, Makka ilipozingirwa na jeshi la Hajjaj, mwanawe Abdallah bin Zubair alimjia kutaka shauri, naye, mkongwe aliyekwisha kupofuka kwa mujibu wa riwaya, akamtia nguvu asimame juu ya haki yake. Akauawa, na mama akamkabili Hajjaj kwa maneno ambayo mtawala huyo hakuyasahau. Twaamini moyo ule haukutokea bure. Ulikuwa na asili kwa yule mwanamke aliyevuka jangwa na samli yake kumtafuta binti, akafunguliwa mlango.

Basi na ufunguliwe mlango. Mama wa milimani akishuka Voi au akifika Mombasa na kikapu chake, apokewe kikapu, akalishwe mahali pa heshima, aachwe aseme anayotaka kusema. Mwenyezi Mungu atujaalie miongoni mwa wanaounga aliyoamrisha yaungwe, na awaongoze wazazi wetu na sisi pamoja nao. Amin.