Je, Yafaa Kuua Wachache Ili Wengi Wapone?



Februari 1944 meli Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Colombo na watu zaidi ya 1,500, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga. Ikazama kwa dakika chache. Walionusurika wakabaki wakielea, na nyambizi ikajificha chini yao. Manowari ya Kiingereza Petard ikatupa mabomu pale pale walipokuwa, ili kuzikinga meli nyingine za msafara. Siku ile walikufa karibu watu 1,300.

Imam al-Ghazali, katika al-Mustasfa, alilitazama swali kama hili: watu wamo chomboni, wakimtupa mmoja baharini wengine watapona. Akasema haifai. Kumuua asiye na hatia kwahitaji masharti matatu: dharura, yakini, na hatari inayougusa umma wote.

Dharura ilikuwapo. Lakini nahodha hakuwa na yakini kwamba mabomu yangeifikia nyambizi, na msafara si umma wote. Utasema: meli nne zilizobaki zilijaa watu. Kweli, nami simhukumu. Alikuwa na muda mfupi mno wa kuamua.

Ninachokataa ni kuifanya hesabu iwe fatwa. Katika nchi zetu za Maziwa Makuu wangapi wameua wakidai wanawaokoa watu wao? Masharti ya al-Ghazali ni mazito kwa makusudi, ili mkono usite kabla ya kutupa.

Wallahu a'lam.