Kuandaliwa si Kupoteza Wakati



Kila mwaka darasa la Kipaimara linapoanza, tunaulizwa swali lile lile. Mzazi hutungoja nje baada ya ibada, hutusalimu kwa heshima, kisha husema, "Mtoto wangu Amri Kumi anazijua, Imani anaijua, Sala ya Bwana anaijua tangu utotoni. Mbona angoje miezi yote hiyo? Baba Askofu akija, si awekewe mikono tu?" Naye kijana aliyepelekwa kwa fundi seremala huacha kazi baada ya miezi michache. Amekwisha kujua kushika msumeno na kupiga randa, basi huona kwamba kuendelea kufagia vumbi la mbao ni kupotezewa siku zake.

Hatuwacheki watu hawa, maana swali lao ni letu sote. Je, miaka ya kujiandaa ni maisha yenyewe, au ni baraza tu tunapokaa kungoja maisha yaanze? Na mtu akijiandaa muda mrefu, kisha asione matunda, je, amepoteza wakati wake?

Mara nyingi tunajibu kwa methali. Subira yavuta heri, twasema, na twadhani neno limekwisha. Lakini tukishika methali hiyo peke yake, macho yetu hutazama heri inayokuja tu, na isipokuja twanung'unika. Maandiko yatupeleka mbali zaidi. Stefano, katika kitabu cha Matendo ya Mitume, atukumbusha kwamba Musa alikaa Midiani miaka 40 kabla Mungu hajamwita kutoka katika kijiti. Mtume Paulo naye, alipokwisha kuongoka, hakupanda kwenda Yerusalemu mara moja. Alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na miaka mitatu ikapita.

Bwana wetu mwenyewe alikuwa na umri wa kama miaka 30 alipoanza kazi yake. Tukumbuke na siku ya ubatizo wake. Alikuwa hajaponya mgonjwa, hajalisha makutano, hajahubiri mlimani, lakini sauti ya Baba ilitoka mbinguni ikisema kwamba apendezwa naye. Apendezwa na nini, kama si na huyu Mwana pamoja na miaka yake yote ya Nazareti, ambayo sisi hatukuandikiwa habari zake ila kidogo sana?

Tunao mfano mwingine karibu nasi, hapa Pwani. Wengi tumepata kufika Rabai, nyuma ya Mombasa, au kusikia habari zake. Johannes Rebmann alifika huko mwaka 1846 kumsaidia Ludwig Krapf. Watoto wa shule hufundishwa kwamba mwaka 1848 aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, na kwamba wataalamu wengine wa Ulaya walikataa kumsadiki. Lakini yale yaliyofuata hayasimuliwi sana. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya ugonjwa. Rebmann alibaki katika nchi hizi hadi mwaka 1875, jumla ya miaka 29. Mkewe alifariki huku huku mwaka 1866. Waliobatizwa walikuwa wachache sana, na mwishowe macho yake yaliingia giza. Alirudi kwao Ujerumani akiwa kipofu, akafariki mwaka uliofuata.

Alifanya nini miaka hiyo yote? Pamoja na kazi nyingine, alikusanya maneno. Alikaa na mtu mmoja aitwaye Salimini, aliyekuwa ametolewa nchi za Ziwa Nyasa akaletwa Pwani utumwani, akajifunza kwake lugha ya huko, neno kwa neno, akaandika kamusi. Rebmann hakufika Ziwa Nyasa hata siku moja. Wamisheni kutoka Scotland walifika ziwani mwaka 1875, mwaka ule ule aliporudi kwao. Kamusi ilichapwa mwaka 1877, naye alikuwa amekwisha kulala. Basi yeye na Salimini walikuwa wakitengeneza jembe la shamba wasilolijua, kwa mikono ya watu wasiowaona. Pale Rabai nako kazi haikufa, na mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa ushemasi Waafrika wawili, William Jones na Ishmael Semler.

Tukimpima Rebmann kwa hesabu ya waliobatizwa, tutasema alishindwa. Tukimpima kwa uaminifu wa kila siku, tutanyamaza kwa heshima.

Lakini tujihadhari na mambo mawili. La kwanza, subira si uvivu. Mnazi wa kienyeji hauzai mpaka ufikishe miaka 6 au 7, pengine zaidi. Hata hivyo mwenye shamba halali miaka hiyo yote. Hupalilia, hufukuza mbuzi, huwatoa wadudu wanaotoboa kilele. Asemaye, "Namngoja Mungu," na huku hasomi Neno, hatubu na hajifunzi kazi, hangoji bali amelala. Tujiulize kila jioni: leo nimeandika neno gani katika kamusi yangu?

La pili ni zito zaidi, nalo latuhusu sisi wazee. Ni rahisi kumwambia kijana, "Ngoja, wakati wako utafika," nasi tumekalia kiti miaka 20 bila kumfundisha kazi. Hiyo siyo subira ya Kikristo. Ni kumfunga mwenzetu kamba na kuiita adabu. Fundi anayemwachia mwanafunzi ufagio tu, asimpe ubao, amemwibia. Nasi tukiwaweka vijana miezi mingi darasani, tuwape chakula cha roho, wala tusiwape maswali ya kukariri peke yake. Anayewaambia wengine wangoje sharti awe anawaandaa.

Basi, mzazi mpendwa, hatumcheleweshi mtoto wako kwa sababu hajui Amri Kumi. Twataka azijue kwa miguu na mikono, siyo kwa ulimi tu. Nawe kijana uliyeacha kwa fundi, rudi ukamwombe radhi. Huenda kazi ya kwanza anayokufundisha ni kuona kwamba mbao zote hazikatwi kwa namna moja, na jambo hilo halijulikani kwa miezi michache.

Na wewe uliyejiandaa miaka mingi, ukaomba, ukajifunza, wala hujaona mlango ukifunguka, hatutakuahidi kwamba utafunguka kesho. Hatujui. Twajua hili, kwamba Mungu hakuweki barazani huku yeye mwenyewe akiwa ndani. Yuko nawe hapo hapo ulipo, na kazi ndogo unayoifanya leo kwa uaminifu ameipokea tayari. Atakayevuna atavuna, hata kama hatalijua jina lako.

Tuombeane, ili tufanywe watu wanaofaa kwa kazi ya Bwana, kwa wakati wake. Amina.