Ramadhani, Siku ya 13: Nikiacha Peke Yangu, Nimepata Nini?



Mwezi unakaribia kujaa. Wavuvi wetu wa Ziwa Tanganyika wanajua maana yake: mbalamwezi ikitanda, taa hazivuti dagaa. Mitumbwi inapandishwa mwaloni, nyavu zinashonwa, ziwa linapumua.

Mwaka 2024 lilipumzishwa kwa muda mrefu zaidi. Kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti uvuvi ulisimamishwa upande wetu, kufuatia makubaliano ya nchi 4 zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wazaliane. Miezi 3 bila kuvua si mchezo kwa nyumba inayokula kutoka majini.

Na lipo swali ambalo watu huuliza baada ya swala: "Sheikh, mimi nikiacha kokoro na jirani anavuta, si nimemwachia yeye samaki wangu?"

Tusilipuuze. Katika funga, jirani akila mchana, swaumu yako haipungui kitu. Ziwa haliko hivyo. Kokoro moja likivutwa ufukweni linazoa mayai na samaki wachanga, na hasara inaingia hata nyumbani kwa yule aliyeacha. Uchamungu wa mtu mmoja unamtosha yeye mbele ya Mola wake, lakini hautoshi kulinda ziwa.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano wa watu waliopanda chombo, wengine juu, wengine chini. Wa chini walikuwa wakipanda juu kuteka maji, wakaona bora watoboe upande wao wasiwasumbue wenzao. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakizuiwa, wote wanaokoka.

Mara nyingi tunakazia hapo kwenye kuzuia. Lakini jamani, wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa wanatafuta maji! Basi anayemshika mkono asitoboe, ampokee na ndoo yake.

Ni rahisi mwenye mshahara kusema "tulinde ziwa". Ziwa likifungwa, mshahara wake haufungwi. Wanaobeba mzigo ni kijana wa mtumbwini na mama anayeanika dagaa, ilhali faida tutaila wote. Haki ni kuugawana mzigo huo. Mwenye duka akopeshe unga bila kupandisha bei. Mwenye vyombo asimtume kijana na nyavu haramu, halafu akikamatwa amkane. Viongozi wa BMU wasipokee kitu kidogo. Na sisi wanunuzi tukatae samaki wachanga hata wakiwa bei ya kutupa, maana kokoro halivutwi pasipo na mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu uliyeuliza: ukiacha peke yako kwa ajili ya Allah, hujapoteza, malipo yako yapo Kwake. Ila sisi tuliokuacha uwe peke yako, tuna la kujibu.

Leo kabla ya kufuturu, fikiria nyumba moja ya mvuvi ambayo mbalamwezi hii imeikuta haina kitu. Peleka futari, na usitangaze.

Ewe Mola, tubarikie ziwa letu, utupe riziki ya halali, na utujaalie kusaidiana katika wema. Aamin.

Tukutane kwenye tarawehe, inshaAllah.