Laki Moja kwa Kila Binti

Kisa hiki kimetungwa kwa ajili ya kufundisha. Sheria iliyomo ni ya kweli, na watu wanafungwa kwayo.

Mama mmoja Mkongomani aliuza vitenge pale Kashojwa, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilaya ya Isingiro. Ndiye aliyeshika pesa za likelemba, yaani upatu, na hakuna mwanachama aliyewahi kupunjwa hata shilingi. Sifa hiyo ndiyo iliyomleta wakala kutoka Mbarara.

"Mama, wewe watu wanakusikia," akamwambia. "Nitafutie mabinti, kuna kazi za nyumbani Oman. Kila binti, laki moja yako."

Ilikuwa baada ya msaada wa chakula kupunguzwa mwaka 2023, na kila nyumba ilikuwa inahangaika. Mama akaleta mabinti sita. Wazazi wakauza mahindi, wengine wakakopa, wakatuma "pesa ya karatasi" kwa simu. Jina lililotokea kwenye simu halikuwa la wakala. Wengi waliliona, wakatuma hivyohivyo.

Usiku wa safari, kwenye stendi ya basi Mbarara, wakala akagawa pasipoti za Uganda. Binti mmoja akafungua yake chini ya taa ya duka, akaisoma mara mbili. "Mama, hili si jina langu." Mama akaitazama. Picha ya binti, jina la Kinyankole. Akamwambia, "Mwanangu, panda tu, ndivyo wanavyofanya." Basi likaondoka kuelekea Kampala, na kutoka huko wakapitishwa Nairobi.

Baada ya wiki chache ujumbe wa sauti ukaanza kuingia kwenye simu za wazazi kutoka Muscat, Oman: pasipoti zimechukuliwa, mshahara hakuna, kulala ni kwa saa nne tu. Namba ya wakala haikupatikana tena.

Wazazi walipokwenda polisi, mama alisema yeye alionyesha njia tu. Wakala, alipokamatwa, alitoa karatasi sita zilizotiwa saini: "Nimekwenda kwa hiari yangu." Wote wawili waliamini wamejikinga. Sheria ya Uganda ya 2009 ya kuzuia usafirishaji haramu wa binadamu haioni hivyo. Anayemtafuta mtu na kumchukua kwa udanganyifu ili akanyonywe ametenda kosa, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 15. Genge likihusika, inaweza kuwa kifungo cha maisha. Ridhaa ya aliyenyonywa haimwokoi mtuhumiwa. Karatasi zile sita hazikumsaidia wakala. Zilionyesha tu kwamba alijua atakuja kuulizwa.

Kwa mama, swali la polisi lilikuwa fupi: "Jina kwenye pasipoti uliliona?" Angekuwa amedanganywa kama wazazi, angesimama upande wao kama shahidi. Lakini aliliona, akamsukuma binti ndani ya basi, akapokea pesa. Sheria hiyohiyo inamtaka kila anayejua kosa la namna hii limetendwa, au linapangwa, atoe taarifa. Nafasi yake ilikuwa pale stendi, na hapo Mbarara polisi wapo.

Mimi namhurumia mama huyu, na nasema hivyo kwa sababu kambini wako wengi kama yeye: wachungaji, viongozi wa jamii, wenye maduka. Wakala hamjui mtu Nakivale. Bila mtu anayeaminika hapati hata binti mmoja.

Na lilikuwapo jambo la kuuliza tangu siku ya kwanza. Kampuni za kupeleka watu nje hupewa leseni na Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, na kanuni zake ziliwekwa kwa ajili ya wafanyakazi raia wa Uganda. Mkimbizi ana hati yake ya kusafiria, na njia ya kuiomba inapitia Ofisi ya Waziri Mkuu, ile tunayoiita OPM. Anayempa mkimbizi pasipoti ya raia yenye jina la mtu mwingine amekwisha kumwingiza kwenye uongo, na huko ugenini binti ataogopa hata kwenda polisi kujieleza.

Wazazi waliokuwa na akili ya kutofuta ujumbe wa pesa ndio walioisaidia kesi. Namba, tarehe, kiasi, sauti kutoka Muscat: vyote vilichukuliwa kama ushahidi, na mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kumwamuru awalipe fidia walioathirika. Ujumbe wa laki moja, mara sita, ulikuwa bado kwenye simu ya mama.