Inshallah Yenye Saa Zake

Kazi yangu ni kupanga ratiba ya uchongaji wa njia za chini katika mgodi wa dhahabu, Kanda ya Ziwa. Nikiandika kwamba njia fulani itafika kwenye mbale mwezi wa tisa mwakani, fedha, mitambo na watu hufuata neno hilo. Shemeji yangu huniuliza: kesho ni ya Mwenyezi Mungu, wewe unaiandikaje?

Swali ni zito. Suratul Kahf inatukataza kuahidi jambo la kesho bila kulifunga kwenye matakwa ya Mungu, na katazo hilo limekaa katikati ya habari ya vijana waliolala pangoni, walioamka wasijue wamekaa siku nzima au sehemu ya siku. Watu ndani ya jabali, na hesabu ya muda imewaponyoka! Sijui sura inayonigusa zaidi.

Nami nashikilia hili: Inshallah ya mdomoni haitoshi, ni lazima iwe na saa zake kwenye ratiba. Tunatoboa matundu, tunashindilia baruti, tunalipua, tunangoja moshi utoke, tunazoa kifusi, tunaangusha mawe yaliyolegea, tunafunga bolti na wavu. Kwa mzunguko huo tunasogea mita tatu au nne, mwamba ukikubali. Usipokubali, au maji yakibubujika, ratiba isiyo na akiba haifidii muda kwenye kutoboa, kwani mashine ina mwendo wake. Hufidia kwenye moshi na kwenye bolti. Aliyeandika tarehe yuko ofisini. Anayeilipia yuko chini ya paa lisilofungwa. Kulitaja jina la Mungu juu ya mpango kama huo ni kumsingizia.

Mwaka 2010, wachimbaji 33 waliponaswa karibu mita 700 chini katika mgodi wa San José, Chile, waokoaji walikadiria kuwatoa kufikia Krismasi, wakatoboa kwa mitambo mitatu, kila mmoja na njia yake, kwa kuwa hawakujua upi ungefika. Ulifika wa pili, na watu wakatolewa tarehe 13 Oktoba. Wengine huita hayo makadirio mabovu. Kwangu ni unyenyekevu uliopangwa.

Mameneja huuliza siku za akiba ni za nani, wapate kuzikata. Ni za aliye chini, nawajibu, na kwenye njia inayopita penye mwamba uliopasukapasuka nimeomba ziongezwe.