Je, Nia Njema Yatosha? Neno juu ya Kupika Sabuni Nyumbani

Katika vijiji vyetu vya Ugogo wako watu wengi, na hasa akina mama, wanaojifunza kupika sabuni nyumbani. Ni kazi njema. Mafuta ya alizeti yanakamuliwa hapa kwetu na kwa jirani zetu wa Singida. Mafuta ya ng'ombe si mageni katika nchi ya wafugaji. Na sabuni ni kitu ambacho kila nyumba yakihitaji. Walakini kazi hii imetuletea swali lisilo la jikoni tu, nalo ni hili: mtu anayejifunza kazi, akimdhuru jirani yake pasipo kukusudia, je, ana hatia? Wengi hujibu upesi, “Hana, maana nia yake ilikuwa njema.” Sisi twaona ya kuwa jibu hilo limekatwa mapema mno, na twataka kulichunguza pamoja nanyi.

Kwanza yafaa tujue sabuni ni kitu gani. Watu wameipika tangu zamani sana, hata manabii Yeremia na Malaki waliitaja. Lakini kwa karne nyingi waliipika kwa kukisia. Mwaka 1823 Mfaransa mmoja, jina lake Michel Eugène Chevreul, alitoa kitabu kilichoeleza jinsi mafuta ya wanyama yalivyoumbwa, na jinsi yanavyogeuka kuwa sabuni. Mafuta yakikutana na yale magadi makali ambayo madukani huitwa kostiki, vitu vyote viwili huacha kuwa vile vilivyokuwa, na mahali pake huzaliwa sabuni na gliserini. Lakini kila namna ya mafuta ina kipimo chake. Kilo moja ya mafuta ya alizeti yataka gramu 134 hivi za kostiki; kilo moja ya mafuta ya ng'ombe, gramu 140 hivi; na kilo moja ya mafuta ya nazi, gramu 183 hivi. Wapishi wenye busara hupunguza kostiki sehemu 5 katika kila 100, ili yabaki mafuta kidogo yasiyogeuka. Maana kostiki ikizidi haina mafuta ya kuungana nayo. Hukaa ndani ya kipande cha sabuni, na kazi yake haikwisha. Itaifanya juu ya ngozi ya yule atakayeoga.

Sasa tuyatazame matatizo ya mwanafunzi. La kwanza ni sufuria. Nyingi za sufuria zetu ni za alumini, na kostiki huila alumini, hutoa povu na hewa iwezayo kushika moto. Kwa hiyo yapasa kupata chombo cha chuma cha pua. La pili ni kipimo. Mwanafunzi hupima mafuta kwa lita, akidhani lita ni kilo. Lakini lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa gramu 920 hivi, nayo yataka gramu 123 tu za kostiki. Akitia 134 amezidisha gramu 11, na hata akikumbuka kupunguza zile sehemu 5 katika 100, bado amezidisha. La tatu ni kuazima maarifa ya mahali pengine. Mtu ameandikiwa kipimo na ndugu yake wa Tanga, aliye na minazi. Akakitumia kwa mafuta ya alizeti, na kila kilo imebeba gramu 49 zisizo na kazi. Kipimo kile kilikuwa kweli kule Tanga, lakini kwa mafuta haya si kweli.

Tatizo la nne ni la moyo zaidi kuliko la mkono. Sabuni ipikwayo motoni hupita katika hali nyingi kabla ya kuiva. Hutulia kama uji mzito, kisha pengine hujitenga, mafuta yakaelea juu na maji yakabaki chini, kama maziwa yaliyoharibika. Huchemka ikapanda hata kumwagika. Mwanafunzi akiona hivyo hufadhaika, akasema, “Imeharibika,” akaongeza kostiki ili ishikane upesi. Kumbe ilihitaji moto mdogo, na mwiko usiochoka, na muda wa saa moja au mbili, hata iwe laini na yenye kung'aa kidogo. Haraka yake ndiyo iliyoiharibu.

Je, katika haya yote mwanafunzi ametenda dhambi? Twasema, la, maadamu sabuni iko chunguni. Na katika jambo hili upishi wa motoni una rehema kubwa. Ikiwa imekauka mno, huongezwa maji. Ikiwa imejitenga, huendelea kupikwa na kukorogwa. Ikiwa kali, hupimwa mafuta mengine, yakatiwa, na chungu kikarudi motoni. Wahenga walisema kweli kwamba kuteleza si kuanguka. Kosa lililo ndani ya chungu ni mwalimu wa mpishi, wala halijamgusa mtu mwingine.

Lakini kuna mlango, na mlango huo ni pale sabuni inapotoka nyumbani kwenda kwa jirani. Hapo mambo hubadilika. Yule mama anayenunua kipande gulioni hana mizani ya kupimia kostiki. Hakuona chungu, wala hajui kama kilijitenga. Anachoshika mkononi ni uaminifu wa muuzaji tu, na kesho atamwogeshea mtoto mchanga. Ngozi ya mtoto ikiwasha na kuchubuka, haitapoa kwa kuambiwa kwamba aliyepika alikuwa na nia njema. Nia ilibaki kwa mpishi. Kilichomfikia mtoto ni kostiki.

Labda mtu atasema, “Lakini hakujua.” Twajibu ya kwamba kutojua kuna namna tatu. Kuna kutojua kwa yule asiyekuwa na njia ya kujua, huyo tumhurumie. Kuna kutojua kwa yule ambaye hajafika bado katika somo hilo, huyo tumfundishe. Na kuna kutojua kwa yule anayeshuku, naye hataki kuuliza, kwa sababu jibu litamgharimu. Huyo wa tatu ndiye tunayemwogopa, maana kila mmoja wetu aweza kuwa yeye. Wapishi wa zamani huipoza sabuni kidogo, wakailowesha, wakaigusa kwa ncha ya ulimi mara moja tu na kusukutua. Ikiuma kwa ukali, haijawa sabuni bado. Ni jambo la dakika moja. Asiyelifanya, mara nyingi ameacha kwa sababu anaogopa kujua.

Wala hatusemi maneno haya kwa wepesi. Si neno dogo kumwambia mjane arudishe chungu motoni, au avitenge vipande 20, hali mafuta aliyachukua kwa deni na ada ya mtoto imekaribia. Twajua ya kuwa umaskini hushindana na dhamiri. Lakini tukumbuke kwamba na mnunuzi ni maskini. Mwenye fedha hununua sabuni ya kiwandani. Tukimpa maskini mwenzetu kitu tusichothubutu kujipaka wenyewe, tumelipa deni letu kwa ngozi ya mtoto wake.

Wengine watasema, “Basi, mkiwa wakali hivi, nani atathubutu kuanza?” Swali ni la haki. Jibu letu ni kwamba aanze, lakini aanze na kidogo: nusu kilo ya mafuta, mizani iliyo sahihi, na chungu kimoja. Sabuni ya kwanza aoge yeye mwenyewe kabla ya kumpa mtu. Na asione haya kufundishwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, hufundisha kazi hii.

Wala tusidhani kwamba neno hili ni la wenye vyungu vidogo tu. Hapa Kongwa, katikati ya nchi yetu, tuna ushuhuda mkubwa. Baada ya vita ya pili ya dunia Uingereza ilipungukiwa na mafuta ya kula. Mwaka 1946 mkuu wa kampuni moja ya Unilever, watengenezaji wa siagi ya mimea na sabuni, alitoa shauri la kulima karanga Afrika ya Mashariki. Wajumbe watatu walizunguka kwa majuma tisa hivi, sehemu kubwa wakiitazama nchi toka katika ndege. Na mwaka 1947 kazi ikaanza, ikikusudiwa kulima ekari zaidi ya milioni 3. Nia yao ilikuwa kulisha watu. Lakini mvua ya Kongwa haikupimwa vya kutosha, na udongo wake, ukikauka, ukawa mgumu hata karanga zikakataa kung'oka. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Udongo haukuisoma nia ya mtu, kama vile kostiki isivyoisoma.

Basi, ndugu zetu, upendo kwa jirani katika kazi hii ni mambo madogo ya kufanya. Ni kutia kostiki katika maji, wala kamwe si maji katika kostiki, maana hurukia macho. Ni kuweka ndoo ya maji safi karibu, ijapokuwa maji kwetu ni ya shida, ili atakayerukiwa aoshwe mara moja na kwa maji mengi. Ni kutoiweka kostiki katika chupa ya soda, asije mtoto akainywa akaunguza koo lake kwa maisha yote. Ni kupima kwa uzito, na kuonja kabla ya kuuza. Mwenye kuyafanya haya, hata sabuni yake ikitoka mbaya ya sura, iliyopinda na yenye mabonde, aiuze kwa amani. Na asiyeyafanya asitutajie nia yake, bali arudi kwanza kwenye mizani.