Kulazwa Usingizi Si Kukosa Imani

Wapo miongoni mwetu Wakristo wema wasemao kwamba mgonjwa akubaliye kupewa nusukaputi ameukimbia msalaba wake. Mama aliyejifungua kwa kupasuliwa husengenywa kwamba hakuzaa kwa uchungu kama wenziwe. Wengine huliogopa jina lenyewe, wakidhani kwamba nusukaputi ni nusu ya kufa. Yatupasa kulipima jambo hili kwa akili na kwa imani.

Usingizi huo si kifo. Dawa huuzuia ubongo usitambue maumivu. Moyo waendelea kupiga, na mtaalamu hukaa karibu na kichwa cha mgonjwa, akiangalia pumzi na mapigo ya moyo mpaka aamke. Zamani mara nyingi mgonjwa alishikwa kwa nguvu, akakatwa akiwa macho. Tarehe 16 Oktoba 1846, mjini Boston, Marekani, mganga wa meno William Morton alimlaza mgonjwa kwa etha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa. Mwaka uliofuata Daktari James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapunguzia akina mama uchungu wa uzazi. Waliompinga kwa Maandiko aliwajibu kwa Maandiko: Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kuutwaa ubavu wake.

Kanisa nalo limekwisha kusema. Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII, akijibu maswali ya madaktari wa dawa za usingizi, alifundisha kwamba hakuna sharia ya jumla imlazimishayo Mkristo kukataa dawa ya kuondoa maumivu. Ni kweli, pale Golgota Bwana wetu alikataa divai iliyotiwa manemane. Naye apendaye kumfuata katika hilo kwa hiari yake aweza. Lakini hiari ya mmoja isigeuzwe kuwa mzigo wa mwingine. Amwambiaye mama mzazi avumilie kisu, huku maumivu si yake, hatoi sadaka, atoa amri.

Hata hivyo, usingizi huu una wajibu wake. Alalaye huukabidhi mwili wake mikononi mwa mwenzake. Kwa hiyo daktari hana budi kumweleza na kuomba ridhaa yake kwanza, tena auheshimu mwili usioweza kujitetea. Mgonjwa naye aseme kweli: akikatazwa kula, kisha akala kwa siri, chakula chaweza kupanda na kumwingia mapafuni, akafa. Na aliye karibu kufa asiondolewe fahamu pasipo sababu kubwa, ili apate kutubu, kupokea Sakramenti na kuwaaga watoto wake.

Basi, enyi wazazi, mgonjwa wenu akihitaji kupasuliwa, msimzuie kwa jina la Mungu. Mwiteni padre, salini pamoja naye, kisha mwacheni alale. Yeye amejiweka mikononi mwa Mungu na mwa wanadamu. Sisi tulio macho tukeshe tukimwombea.